Kubugia mabao: ni Kiswahili au tumezoea tu?

Kalamu Butu:
Wakuu, naandika kumbukumbu ya ile Jumapili ya Novemba 5, 2023, Simba walipolala 5-1 mbele ya Yanga. Kichwa cha habari nikaweka "Mnyama alivyobugia matano". Mhariri kakikata: kubugia ni kula kwa pupa, na aliyefungwa hakuwa na pupa ya kufungwa. Mbona magazetini limejaa? Nani yuko sahihi?

Bi Mkubwa wa Pangani:
Mwanangu, mhariri kashika nusu. Mtazame mtoto akibugia karanga: kajaza kiganja, katupia zote kinywani, mashavu yamemtuna, hata maji hawezi kuomba. Kinachotangulia hapo ni wingi ulioingia kwa mkupuo. Ndiyo maana mlevi anabugia pombe, na kipa aliyetunguliwa matano kabugia.

Pupa hasa ni kufakamia. Kila shughuli haikosi mtu wake: mmekaa wanne kwenye sinia la pilau, nyie mnapoza tonge, yeye keshavuka mpaka, nyama za upande wako zimehamia kwake. Siku hizi nawaona na wanaofakamia mikopo ya kausha damu, huu haujaisha keshaingia ule. Hao ukiniambia wanabugia, sikio langu linasita.

Kijana wa Jangwani:
Mhariri ni Simba huyo. Kakata kwa uchungu 😂

Mzee Dau:
Bi Mkubwa, umeisahau kubwia. Utotoni tulikuwa tunabwia unga wa ubuyu kutoka kiganjani, na mwenzio akikuchekesha tu, wote unakutokea puani. Sasa hivi mjini ukisema fulani anabwia, hakuna anayefikiria ubuyu. Wanajua ni heroini, hata kama mwenyewe anavuta au anajidunga. Juzi nimemwambia mjukuu wangu "bwia hiyo sukari, kwikwi itakata", akanikodolea macho kama nimemtukana.

Bi Mkubwa wa Pangani:
Kweli kaka yangu, hilo limeharibika. Mimi sasa nasema "tia mdomoni", basi.

Kalamu Butu:
Asanteni wote. Nimempelekea mhariri hoja ya karanga na mashavu, kakubali kichwa kirudi. Ila kanipa sharti: nimalizie na Mei 6, 2012, Yanga walipobugia matano bila majibu. Kijana wa Jangwani, ulimpatia.

Kijana wa Jangwani:
Niliwaambia mimi! Hiyo ya 2012 hatuizungumzii humu.