Lita 60 zimemwagwa mtaroni bila kupimwa. Tunataka leseni ya mchuuzi wa maziwa mabichi

Wadau, humu nasoma kila siku lakini sijawahi kufungua uzi. Leo nimefungua kwa sababu nina hasira na nimeshindwa kukaa nayo.

Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, nilisimamishwa barabarani nikishuka kutoka Limuru kwenda Kangemi, Nairobi. Kwenye pikipiki nilikuwa na mikebe mitatu ya aluminiamu, ya lita ishirini ishirini, yote imejaa maziwa. Waliokuwepo ni maafisa watatu. Ofisi yao siitaji, malalamiko yangu yako mezani kwao na bado nangoja jibu. Wakaniuliza leseni. Nikatoa cheti cha mafunzo ya usafi wa maziwa, nikatoa cheti cha afya, nikatoa risiti ya maombi ya leseni niliyoyalipia miezi saba iliyopita. Mmoja akaishika ile risiti, akaigeuza nyuma na mbele, akasema risiti si leseni.

Nikawaomba wapime. Laktomita, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, nilikuwa nayo mfukoni mwa koti, nimeifunga kwa kitambaa isivunjike, na chupa ya spiriti ya kupimia kama maziwa yameanza kuharibika iko kwenye kisanduku cha pikipiki. Nikasema, afande, mkikuta maji au mkikuta yameanza kuganda, mwageni na mnipeleke kortini. Hakuna aliyepima. Hakuna hata aliyeinama akanusa. Walifungua vifuniko wakainamisha mkebe mmoja baada ya mwingine pale mtaroni. Wa mwisho ulikuwa bado na uvuguvugu, maana niliujaza kama nusu saa tu kabla. Povu lilibaki juu ya majani, na maji ya mtaro yakawa meupe mpaka kwenye kalvati. Kisha wakanirudishia mikebe mitupu, wakaniambia niende.

Kwa wakulima nanunua lita kwa shilingi 50, kwa hiyo hapo zilienda 3,000. Nitazirudisha polepole. Ila lita 12 kati ya hizo zilikuwa za shosho mmoja mwenye ng'ombe wawili, anayeniuzia mimi kwa sababu kiwanda hulipa mwisho wa mwezi na dawa zake za presha hazingoji mwisho wa mwezi. Nilipomwambia yamemwagwa aliniuliza neno moja tu: "Walipima?" Nikamjibu, hawakupima, shosho. Akanyamaza, akarudi jikoni. Pesa yake nilimpa jioni, ya kukopa kwenye simu.

Sasa mtaniambia habari ya afya. Tuizungumze wazi, maana mimi ndiye ninayeyabeba hayo maziwa na watoto wangu ndio wanaoyanywa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na kifua kikuu cha ng'ombe. Sikatai. Ndiyo maana yanachemshwa. Kiwandani hupashwa moto nyuzi 72 kwa sekunde 15, na sufuria yoyote ya chai inapita hapo, hata kwetu Limuru ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko. Mama anayenunua kikombe kimoja kwangu hayanywi pale mlangoni, anayapeleka jikoni. Wapo wanaoyanywa bila kuchemsha, na wapo wanaoyagandisha mabichi. Hao wanahitaji kuambiwa, na mtu wa kuwaambia ni yule anayebisha mlango wao kila asubuhi. Mimi huwaambia, hasa wajawazito.

Mabaki ya dawa za ng'ombe aliyedungwa sindano ya kiwele hayaondoki kwa kuchemsha, wala sumu ya ukungu inayotoka kwenye chakula cha mifugo kilichooza. Lakini hata joto la kiwandani haliyaondoi hayo! Kinga yake ni kupima na kumjua mkulima. Mimi namjua kila mkulima wangu na kila ng'ombe wake. Laktomita ikishuka chini ya 26 maziwa yanabaki kwake, tukosane tusikosane. Na wale wanaotia maji, wanaotia fomalini ili maziwa yakae siku mbili, wakamatwe wafungwe. Wanatuharibia sisi kabla ya kumharibia mtu mwingine yeyote. Lakini utamjuaje huyo kama hupimi? Jumanne ile maziwa yangu na yake yangeishia mtaro mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vita hivi vilishapiganwa. Sheria yetu ya maziwa, Sura ya 336, ni ya 1958, ya mkoloni, na kwa miaka mingi soko la mijini lilikuwa la KCC, kampuni kubwa ya ushirika ya maziwa, peke yake mpaka lilipofunguliwa 1992. Mchuuzi aliendelea kuhesabiwa kama mhalifu. Mwishoni mwa 2003 viwanda vikubwa viliendesha kampeni ya kuwatisha watu dhidi ya maziwa mabichi. Waliojibu walikuwa na takwimu mkononi: mradi wa wakulima wadogo wa maziwa, ulioendeshwa tangu 1997 na wizara ya mifugo, KARI (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya) na ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) kwa ufadhili wa Uingereza, pamoja na mashirika ya kutetea wakulima. Walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yaliyouzwa Kenya wakati huo yaliuzwa mabichi, na kwamba mchuuzi akifunzwa na kupewa vyombo vizuri, maziwa yake yanakuwa bora. Mwaka 2004 serikali ikageuza msimamo, wachuuzi wakaanza kufunzwa na kupewa leseni. Kile cheti nilichowatolea Jumanne kimezaliwa hapo. Halafu 2019 zikaja rasimu za kanuni za kutubana upya, wananchi wakapiga kelele. Miaka ishirini na zaidi baada ya 2004, bado nasimama barabarani namwonyesha mtu karatasi na yeye anatazama kifuniko cha mkebe.

Tena wanachokifanya kinaharibu usafi wenyewe wanaosema wanaulinda. Mkebe wa aluminiamu ni ghali, unaoshwa ukatakata, lakini ukikamatwa nao umepata hasara kubwa. Jirani yangu alinyang'anywa miwili mwaka jana. Siku hizi anabeba jerikeni za plastiki zilizokuwa za mafuta ya kupikia, kwa sababu akiona gari la maafisa anaweza kuzitupa akakimbia. Mdomo wa jerikeni mkono hauingii kusugua. Wateja wake ni walewale, watoto wao ni walewale.

Usiniambie nikafungue duka lenye vigae na friji. Mimi nauza mlango kwa mlango, kwa kipimo, hata robo lita. Paketi ya nusu lita ni kama shilingi 60, na kuna nyumba Kangemi ambazo hiyo ndiyo pesa ya maziwa ya siku mbili.

Kwa hiyo tumekaa wachuuzi kumi na mmoja na wakulima wetu, tunaandika ombi kwa Bunge. Katiba inaturuhusu, kifungu cha 119. Tunataka leseni ya mchuuzi wa pikipiki yenye ada ambayo mtu wa lita 60 anaweza kulipa, na risiti ya maombi itambuliwe kama leseni ya muda mpaka ofisi ijibu. Na tunataka iandikwe kwenye kanuni kwamba hakuna maziwa yatakayomwagwa kabla ya kupimwa mbele ya mwenyewe, na apewe karatasi yenye matokeo na jina la aliyepima. Hili la mwisho hatulegezi hata wakitupa mengine yote.

Sahihi tunakusanya Jumamosi hii na ijayo, asubuhi, kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Beba kitambulisho. Mkulima, mteja, mwenye ATM ya maziwa (mashine ya kuuzia maziwa kwa kipimo), wote mnahusika. Na kama wewe pia umewahi kumwagiwa, andika hapa chini tarehe, mahali, lita ngapi, na kama walipima au hawakupima. Tutayaambatanisha yote.