Laptop haiwaki kabisa na ripoti natakiwa kukabidhi Jumatatu, nisaidieni wakuu

Binti wa Igoma
Habari zenu wakuu. Laptop HP haiwaki tangu juzi, nabonyeza batani ya pawa kimya, feni hakuna, taa hakuna. Haijaanguka. Ripoti yangu ya akina mama wanaoanika dagaa iko humo, nimekaa nao pale mwaloni Kirumba wiki sita, mchana naandika kwa mkono usiku naingiza. Silali. Laptop ikifanya hivi kinakuwa kimekufa nini?

Dagaa Kauzu
Toa chaja, betri kama inatoka itoe, shikilia batani ya pawa sekunde 30, rudisha chaja peke yake uwashe. Ikigoma fungua chini, chomoa ramu, pangusa meno yake kwa raba ya kufutia, rudisha. Yangu ilifufuka hivyo hivyo nikiwa Sengerema na fundi alishaniambia nikanunue nyingine.

Mzee wa Busisi
Wiki sita za kazi mnaziweka sehemu moja? Flashi siku hizi siyo ghali hivyo. Mimi tasnifu yangu nilivuka nayo Kigongo kwa kivuko, mvua inapiga, nimeivaa ndani ya shati, na nakala nyingine ilibaki kwa mama. Sasa daraja lipo mnapita na gari na bado mnapoteza vitu.

Fundi Mabatini
Dada, chaja ikiwa ukutani tu taa yake inawaka? Ukiichomeka kwenye laptop inabaki au inazimika?

Binti wa Igoma
Inawaka, nikichomeka kwenye laptop inazimika palepale.

Fundi Mabatini
Jaribu chaja nyingine ya volti zile zile kuondoa shaka, ila hiyo ni dalili ya bodi kupiga shoti, chaja inajikata kujilinda. Na mara nyingi bodi haipigi shoti bure. Ilimwagikiwa na nini?

Binti wa Igoma
Chai. Ya maziwa, kikombe kizima, Alhamisi usiku. Sikusema kwa sababu ilipomwagika haikuzima, niliifuta kwa khanga nikaendelea kuandika kama dakika kumi ndiyo ikazima. Nikaifukia kwenye mchele, kila baada ya saa naitoa naijaribu. Na siyo yangu, ni ya shemeji, yuko Ukerewe anarudi kesho Jumapili. Nimeshampa fundi wa pale Makoroboi 80,000 ya kuanzia abadilishe bodi, jumla 250,000, ana wateja wengi na kaniahidi kesho asubuhi, kwa hiyo jamani msiniambie nikaichukue.

Fundi Mabatini
Siwezi kukudanganya. Mchele hautoi sukari na maziwa yaliyogandia kwenye bodi, na kila ulipobonyeza ulikuwa unapeleka umeme kwenye unyevu. Ilitakiwa uizime palepale, ifunguliwe, bodi isafishwe kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili. Hata sasa inawezekana ni kapasita moja tu, kidude kidogo cha kwenye bodi, imeungua, siyo lazima bodi nzima. Ila ripoti iko kwenye disiki. Kama hiyo disiki, yaani SSD, ni ya kuchomoa, inatolewa, inawekwa kwenye kasha la USB, unaisoma kwenye kompyuta nyingine kama flashi. Zipo mashine ambazo imechomelewa kwenye bodi, hapo kazi ni kubwa. Na kama Windows imeifunga kwa BitLocker, kufuli yake ya kulinda data, itadai ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi unakuwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Mpigie huyo fundi SASA HIVI asiguse disiki, asikuwekee Windows upya.

Jiwe la Capripoint
Hii ni chai jamani, na siyo ya maziwa. Wiki mbili nyuma ID hii hii ilikuwa mwanaume wa Geita anauliza klachi ya bodaboda inayoteleza. Leo ni binti wa chuo. Kesho ataweka namba ya kuchangiwa.

Dagaa Kauzu
Nimecheki, uzi wa klachi upo kweli. Sasa ilipona au?

Binti wa Igoma
ID ni ya kaka yangu, natumia simu yake ya zamani. Sijaomba hela ya mtu humu, nimeuliza laptop. Fundi nimempigia, kaniuliza nani kanifundisha habari za disiki, halafu kasema ataiweka pembeni. Sijamwamini. Niko kwenye daladala naenda kuichukua. Shemeji sijamwambia.

Mama Nansio
Mwanangu mpigie kabla hajapanda meli. Mume wangu injini ya mtumbwi ilizama akanificha miezi miwili, nikaja kuambiwa na wauza samaki. Injini niliisamehe, ile miezi miwili mpaka leo sijaisamehe.

Fundi Mabatini
Kasha la USB ninalo, nipo mpaka saa 2 usiku. Njoo na disiki tu kama ameshaifungua, sikudai kitu. Ila bila huo ufunguo tunaweza kukwama.

Binti wa Igoma
Wabheja sana kaka. Nimeshuka. Nimempigia shemeji, inaita.