Naombeni ushauri: gari yangu Toyota IST inapiga "tak" ikianza kuondoka, nikaze nati ya ekseli mwenyewe?

Kibwana wa Mbezi: Wakuu, salaam. Kila nikitoka rivasi kwenda D, tairi la mbele kushoto linapiga "tak" moja. Nimeambiwa nati kubwa ya katikati ikilegea inaleta hivyo. Boksi spana ya 30 ninayo, na bomba la mita moja la kurefusha mkono. Nikanyage tu mpaka ikatae? Jumamosi naenda Iringa na familia.

Msafiri Daima: Mwaka juzi niliteremka mlima Kitonga breki zinanuka kama mpira unaoungua, nyuma yangu lori linapiga honi. Tangu siku ile mimi ni mtu wa basi. Ya nati sijui, ila panda basi mkuu.

Mama Wawili: Wanaume mna nini? Unapakia watoto kwenye gari linalolia kwa kukwepa nauli?

FundiNati: Tutenganishe kwanza. Ukikata kona mpaka usukani uishie, ikalia tak-tak-tak kufuata mzunguko wa tairi, hiyo ni CV joint, kiungo cha ekseli kinachopinda tairi likikata kona. Chungulia raba yake kama imepasuka na grisi imerukia ringi kwa ndani. Kukaza nati hakuitibu. "Tak" moja wakati wa kubadili mwelekeo ndiyo inaweza kuwa nati: shafti, yaani ekseli, inacheza kwenye habu, kile kitovu kinachoshika tairi. Upande huo umeguswa karibuni?

Kibwana wa Mbezi: Kwenye kona hailii, raba ni nzima.

FundiNati: Sijauliza raba. Umeguswa?

Kibwana wa Mbezi: Wiki mbili zilizopita gereji walibadili beringi. Lakini fundi alikaza kwa nguvu mbele ya macho yangu. Sioni kama inahusiana.

FundiNati: Inahusiana kabisa, ndugu yangu. Nati ile ina ukingo mwembamba unaogongwa kwa patasi uingie kwenye mfereji wa shafti, ndio unaoizuia isirudi. Ukishaifungua, weka mpya. Na ndiyo inayoibana beringi: ikilegea, beringi inakufa. Toyota ndogo nyingi inakazwa kwa Nm 216 (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa toki renchi, spana inayopima nguvu hiyo, mtu amekanyaga breki.

Kibwana wa Mbezi: Toki renchi ni ghali. Mimi nina kilo 80, nikisimama mwisho wa bomba si itafika?

FundiNati: Kilo 80 kwenye mita moja ni karibu Nm 800. Utaikata mzee.

Msema Kweli: Chai hii, stori ya kutunga. Mwezi uliopita huyu alikuwa jukwaa la ajira analia hana hata nauli ya daladala. Leo ana IST?

Mla Chapati: Chapati ninazo, leteni sukari.

Mama Wawili: Na mimi nilishaanza kuwaonea watoto huruma!

Kibwana wa Mbezi: Si chai. Gari ni la baba mkwe, aliniachia, Jumamosi namrudishia. Shimo nililoingia ndilo lililoua beringi, na yeye hajui. Nikipanda basi nitamwambia nini?

Msafiri Daima: Pole. Mimi mkwe wangu nilimvunjia taa ya pikipiki, tukakaa miezi hatuongei.

FundiNati: Fanya hivi. Toa kifuniko cha ringi, chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja upite juu ya nati na ncha ya shafti. Zunguka polepole hapo hapo, rudi uangalie.

Kibwana wa Mbezi: Nimerudi. Ukingo wa nati una alama ya zamani ya patasi, lakini imekaa pembeni ya mfereji, haikuingia. Pembeni kuna vumbi jekundu kama kutu. Nimezunguka uwanja wa jirani mara mbili tu, mstari umeachana upana wa kucha.

FundiNati: Liache hapo hapo, usilisogeze. Nunua nati mpya. Mbezi ipi? Kesho asubuhi nakuja na toki renchi, na beringi tuizungushe tuisikilize.

Kibwana wa Mbezi: Mbezi ya Kimara. Asante sana mkuu. Na Jumamosi?

FundiNati: Beringi ikinguruma, Jumamosi hakuna safari. Mpigie baba mkwe leo.