Kikundi cha familia, Mwanza kando ya Ziwa Victoria: vuli imefika

Kulwa, Mabatini: Shikamooni wakubwa. Nimesikia utabiri redioni sasa hivi: angalizo la mvua kubwa huku kwetu kesho na keshokutwa, Jumamosi inapungua. Mjomba, una dagaa nje?

Mjomba, Igombe: Marahaba. Madebe kumi na mawili mchangani. Juu wamekauka, ukivunja kichwa ndani bado mbichi.

Mama Mdogo, Kirumba: Kaka, anua leo leo. Vuli iliyopita ulisubiri jua la kesho, wakageuka manjano, wakanuka, tukawauza chakula cha kuku. Niliumia sana.

Mjomba, Igombe: Naanua. Nawapandisha kichanjani, turubai juu. Ila Doto na wenzake wanataka kutoka kuvua dagaa usiku huu. Giza limekaa vizuri, mwezi hakuna.

Babu, Ukerewe: Wasitoke.

Doto, Igombe: Shikamoo Babu. Mbona anga jeupe kabisa huku?

Babu, Ukerewe: Marahaba mjukuu wangu. Anga la jioni lisikudanganye. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, ndiyo maana mawingu yanajikusanya juu ya vilima vyenu saa tisa, saa kumi. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unageuka. Unaingia ziwani kutoka kila upande, na ukikutana huko katikati hauna pa kwenda ila juu. Hapo ndipo wingu la radi linapozaliwa. Linapiga kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, wakati karabai zenu, hizo taa za kuvutia dagaa, ziko mbali kabisa na mwalo mnakoshushia samaki.

Doto, Igombe: Lakini angalizo si ndilo la chini?

Kulwa, Mabatini: Ndilo. Kwa rangi za utabiri, njano ni angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Ila mdogo wangu, njano ya mimi niliye chini ya bati siyo njano ya wewe uliye kwenye mtumbwi.

Mama Kulwa, Mabatini: Doto mwanangu, nakuomba. Giza bado lina siku, utavua usiku mwingine.

Doto, Igombe: Sawa Mama. Siendi.

Kulwa, Mabatini: Asante. Sasa huku kwetu. Maji yakishuka kwenye haya mawe hayana breki, na mtaro wetu umejaa mchanga na viroba kabla hata ya kufika Mto Mirongo. Mwenye koleo tukutane kesho saa kumi na mbili asubuhi. Na Mama, chumba chako kiko chini ya jabali. Siku hizi mbili ulale kwangu.

Mama Kulwa, Mabatini: Nakuja. Mnisaidie kuhamisha kuku, banda liko njia ya maji.

*Saa tisa na robo usiku*

Mjomba, Igombe: Imeanza. Radi upande wa visiwani, upepo mkali. Dagaa wako salama, Doto yuko hapa pembeni yangu. Naona karabai nne zinarudi.

Babu, Ukerewe: Washeni taa hapo mwaloni waione. Msiizime mpaka wa mwisho afike.