Gari la kuelea hewani: nichapishe kwa rezini au nijenge kwa mabaki ya modeli za vifaru vya kivita?

Kobe wa Angani
Wakuu, salaam. Nataka kuunda modeli ya gari la kubuni la kuelea hewani, la watu wawili, ambalo "kiuhalisia" lingekuwa na urefu wa mita 6. Kwa skeli ya 1/72 linatoka sm 8 na kidogo, kwa 1/35 linafika sm 17. Nichapishe kwa printa ya rezini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga), au nikate plastiki bapa na kubandika vipande vya seti za zamani? Na ile rangi iliyochubuka naipataje?

Msasa Laini
1/35, usijiulize mara mbili. Rubani wa 1/72 ana sm 2.4 tu, macho yake utayachora na nini? Seti nyingi za vifaru ni 1/35, kwa hiyo ngazi na vishikio utavipata vya saizi yake. Mimi ni mtu wa rezini, umbo linatoka safi. Ila printa ikimaliza wewe ndiyo kwanza unaanza: kuosha kwa alkoholi, kukomaza kwa mwanga wa UV, kukata nguzo zilizoshikilia umbo wakati wa kuchapa, kisha msasa namba 400 na 800. Sugua na maji, vaa glavu na barakoa. Vumbi lile si la kuchezea.

Bisibisi
Umbo safi mno ndilo linaloua modeli. Mafundi wa filamu ya Star Wars ya 1977 walibandika vipande vya seti za vifaru na magari kwenye vyombo vyao. Jicho likiona bomba na kifuniko, linakubali kwamba humo mna injini. Sharti moja tu: kila bomba lianzie mahali na liishie mahali.

Kobe wa Angani
Kwa hiyo bodi rezini, tumbo mabaki?

Msasa Laini
Hapo sawa. Ila praima (rangi ya msingi) iwe moja juu ya vyote, ya kijivu. Itakuumbua kila kiungo ulichokiacha wazi.

Dada Brashi
Kuchubua: nimejaribu chumvi na sprei ya nywele. Chumvi inaacha mabaka makubwa, haifuati mkono wako. Sprei ndiyo yenyewe. Piga rangi ya kutu, vanishi, sprei ya nywele, halafu akriliki nyembamba juu. Ikikauka tu, lowesha kwa maji na usugue kwa brashi ngumu kwenye kona na pembeni mwa mlango, pale buti za rubani zinapogusa. Usiichelewe! Mimi nilipuliza nene nikaenda kulala. Asubuhi brashi inateleza kama juu ya kioo, nikakazana, ngozi nzima ya mlango ikabanduka.

Bisibisi
Na ukitumia thina ya enameli (ya kuzimulia rangi ya enameli), isituame kwenye plastiki tupu iliyobanwa, plastiki itapasuka. Vanishi kwanza.

Kobe wa Angani
Shukrani. Leo naanza tumbo. Nimeshang'oa magurudumu manane ya kifaru.

Msasa Laini
Gari la kuelea, magurudumu ya nini tena?

Kobe wa Angani
Nayalaza chali, yanakuwa feni.