Mnaotupigia debe kinu cha nyuklia Kigoma, bei mmeiona?

Wakuu, nimechoka. Kila umeme ukikatika huku Kigoma lazima atokee mjuaji, mara nyingi yuko Dar kwenye kiyoyozi, aseme dawa yetu ni kinu kidogo cha nyuklia kwa sababu eti sola ni ya kuchajia simu, usiku imelala.

Njoo Kibirizi, mwaloni kwetu Ziwa Tanganyika, usiku. Giza likiingia mitumbwi inatoka na taa za LED, dagaa wanavuliwa mpaka alfajiri kwa betri iliyochajiwa mchana. Karabai wengi wameshazitupa. Imelala wapi?

Shida yenu mnalinganisha kinu cha kwenye makaratasi na sola ya kichochoroni. Mimi mwenyewe duka moja hapa mjini liliniuzia betri ya gari kwa jina la betri ya sola. Betri ya namna hiyo ukiila zaidi ya nusu ya chaji kila usiku haidumu. Ikafa. Nimeirudisha, muuzaji ananiuliza, "Kwani ulikuwa unawasha friji?" Sasa nilinunua ya kuangalia? Lakini hasira hizo zimwendee muuzaji, jua halina kosa. Betri za lithiamu mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti inayohifadhiwa. 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Mpaka zifike madukani Mwanga hapa Kigoma zimepanda, hilo najua.

Haya, hivyo vinu. Marekani, mradi wa Idaho wa vinu vidogo vya kampuni ya NuScale uliwahi kuahidi uniti kwa senti 5.8 za dola, ikapanda mpaka 8.9, na hapo ruzuku ya serikali imo. Novemba 2023 wakaufuta. Urusi walianza kujenga kinu chao kinachoelea mwaka 2007, kikaanza kazi rasmi 2020, megawati 70, kiko Pevek kwenye barafu ambako majira ya baridi kuna wiki jua halichomozi kabisa. Wale nawaelewa. Kigoma tuna udhuru gani?

Halafu "kidogo" chenyewe! Kinu kimoja tu cha NuScale ni megawati 77, wakati mradi mzima wa umeme wa maji wa mto Malagarasi hapa kwetu ni 49.5. Siku kinazimwa kubadilishiwa fueli, mkoa unakula nini? Na msiniletee urani, madini ya fueli ya nyuklia, iliyoko Namtumbo kule Ruvuma, ile haitiwi kinuni kama kuni. Kwa vinu hivi lazima irutubishwe kwanza, yaani iongezewe kiasi cha ile urani inayotoa nguvu, na mtambo wa kurutubisha hatuna.

Mtasema masika mawingu. Kweli, betri inavusha usiku, haivushi wiki ya mvua. Ila mvua hiyohiyo ndiyo inajaza Malagarasi! Kiangazi mto ukipungua, jua linawaka. Vitu viwili vinavyopokezana viko hapahapa, nyie mnatutafutia cha tatu ng'ambo.

Anayebisha, ukiacha hicho cha Pevek, ataje kinu kidogo kimoja kinachouza umeme leo na uniti yake ni shilingi ngapi. Picha za kompyuta sitaki.