Mrejesho: Baba ameshafanyiwa upasuaji wa ini

Ndugu zangu, niliwauliza kama nusu kaputi ingemchelewesha baba kupona akishakatwa sehemu ya ini yenye saratani. Ametoka salama, alhamdulillahi!

Daktari wa usingizi alimchoma mofini (dawa kali ya kutuliza maumivu) kidogo mgongoni, sindano moja tu, kabla ya kumlaza. Mrija wa mgongoni, ule unaoachwa humo kupitishia dawa ya maumivu, aliukwepa: ini likishakatwa, damu huweza kuchelewa kuganda, na kuuchomoa mrija kukawa hatari. Wakati wa kukata, dripu zilipunguzwa makusudi ili mishipa ya ini isijae, damu isipotee nyingi. Hilo sikulijua kabisa.

Nilihofia maumivu yangemlaza wiki nzima. Kesho yake nikamkuta amekaa kitini, anaomba uji. Mama alilia.